Asiyekubali Kushindwa Si Mshindani

Siku ya fainali ya kandanda, kombe huwekwa juu ya meza kando ya uwanja, na kila mchezaji hulitazama kama mwenye kiu atazamavyo mtungi. Mwanafunzi wa historia hana budi kutazama mbali zaidi ya meza ile. Na tufanye hesabu ndogo. Klabu 16 zikishindania kombe kwa mtindo wa mtoano, zitachezwa mechi 15, na kila mechi itaitoa klabu moja. Mwisho wake atapatikana mshindi mmoja na washindwa 15. Basi mashindano ya kombe, ijapokuwa shabaha yake ni kutafuta mshindi, kwa hakika ni shule ya kuwafundisha watu kushindwa.

Mtindo huu ulianza Uingereza, ambako kombe la kwanza la taifa lilishindaniwa mwaka 1871 na 1872. Klabu 15 ziliingia, na klabu ya Wanderers ikalitwaa kwa bao moja kwa bila. Kutoka huko mchezo ulisafiri pamoja na meli, reli, misheni na shule. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Gossage, lililoitwa kwa jina la kampuni ya sabuni. Baadaye Tanganyika na Unguja zikaingia, na kutokana na kombe hilo likazaliwa lile tunalolijua kwa jina la CECAFA.

Kila shindano la namna hii husimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza ni kwamba mpinzani wako ana haki ya kuingia uwanjani kama wewe. Ya pili ni kwamba akishindwa, yeye hubaki jirani yako, na ukishindwa wewe, hubaki jirani yake. Historia ya Nakuru yatuonyesha jinsi nguzo hizi zilivyo ngumu kusimamishwa.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukakua kandokando yake. Ardhi njema ya nyanda za juu ilitengwa kwa Wazungu, na Nakuru ikawa kama mji mkuu wa walowezi. Watu wa makabila mengi walikuja kutafuta kazi katika mashamba na katika reli, lakini makao yao yalitengwa na ya Wazungu, na mtaa wa Bondeni ni mmoja wa mitaa ya kale ya Waafrika mjini humo. Walowezi walikuwa na klabu zao za starehe na michezo, na Mwafrika aliyepita mlangoni mwake alipita kama mtumishi, akibeba sinia. Katika hali hiyo nguzo ya kwanza haikuwapo, kwa maana mtu hawezi kushindana na yule asiyemruhusu kuingia.

Ndipo ukaja mwaka 1963. Tarehe 12 Agosti Jomo Kenyatta, aliyekuwa Waziri Mkuu, aliwahutubia walowezi mjini Nakuru. Aliwataka wote wasameheane yaliyopita, akawaomba wakae na kuijenga nchi pamoja na wenzao. Mwaka huohuo ligi ya kwanza ya taifa ya kandanda ilichezwa, na bingwa wake alikuwa Nakuru All-Stars. Tulitafakari jina hilo. Luo Union na Abaluhya United, waliokuja kuwa mabingwa katika miaka iliyofuata, walibeba majina ya makabila. Hatuwalaumu, kwa sababu vyama vya namna hiyo vilimpokea mgeni mjini, vikamzika aliyekufa mbali na kwao. Hata hivyo, bingwa wa kwanza wa Kenya alibeba jina la mji. Klabu ya mji haiulizi mtu alizaliwa wapi. Huuliza anakaa wapi, na anaweza kucheza nafasi gani. All-Stars walitwaa ubingwa tena mwaka 1969.

Laiti hadithi ingeishia hapo! Uchaguzi mkuu ulifanyika tarehe 27 Desemba 2007, na matokeo yake yakazua ugomvi. Ugomvi ukawa mauaji, na watu zaidi ya 1,100 wakafa katika nchi nzima. Nakuru na Naivasha zilipatwa vibaya mwishoni mwa Januari 2008. Uwanja wa Afraha, ambao umati ulizoea kuujia kushangilia, ukawa kimbilio la watu waliofukuzwa makwao, akina mama wakipika mahali palipochezwa mpira. Nguzo ya pili ilikuwa imeanguka. Jirani hakuonekana tena kuwa jirani. Alionekana kuwa timu pinzani isiyostahili kubaki uwanjani.

Kwa hiyo tusidanganyike kwamba mpira peke yake huponya. Waliochomeana nyumba walikuwa wamewahi kushangilia bao moja. Kombe hufundisha, lakini mwanafunzi aweza kuliacha somo langoni akitoka.

Leo Nakuru ni mji mkubwa uliopewa hadhi ya jiji tangu Desemba 2021, na Kaunti yake ina maeneo bunge 11, idadi ileile ya wachezaji wa timu moja. Kombe la Kaunti likishindaniwa, kijana wa Njoro penye ngano hukutana na wa Molo penye viazi, na wa Naivasha penye maua hukutana na wa Kuresoi mlimani. Mmoja wao lazima arudi nyumbani bila kitu. Hapo ndipo penye mtihani. Je, atampa mkono aliyemfunga? Je, aliyeshinda atamsindikiza mgeni mpaka kwenye gari lake kwa amani?

Wazee walisema zamani kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Neno hilo lingetufaa zaidi kuliko fedha iliyopakwa juu ya kombe. Ninyi mtakaopiga kura kesho, jifunzeni kwanza katika uwanja wa shule. Mtazameni mshindi siku ya fainali, mumshangilie kwa haki yake. Kisha geuzeni macho muwatazame wale wengine wanaovua viatu kimyakimya, kwa kuwa katika nchi yoyote wao ndio wengi, na amani yetu imo mikononi mwao.