Tiba ya umeme: desturi ya madaktari au haki ya mgonjwa?

Ndugu msikilizaji, juma hili tunaingia katika chumba ambacho watu wengi hukitaja kwa kunong'ona. Ni chumba cha hospitali ya akili ambamo mgonjwa hutibiwa kwa mshtuko wa umeme. Tutaitazama Uingereza, ambako tiba hiyo imetumika tangu mwaka 1939, na tutajiuliza swali moja. Ni nani mwenye neno la mwisho: madaktari na desturi yao, au mtu anayelala kitandani?

Tiba hii ilianzia Roma mwaka 1938. Madaktari wawili wa Kitaliano, Ugo Cerletti na Lucio Bini, walipitisha umeme kichwani mwa mgonjwa ili apatwe na degedege, mfano wa kifafa. Siku hizo hospitali za akili zilijaa watu, na dawa za maana zilikuwa hazijapatikana. Baadhi ya waliozama katika huzuni nzito, hata wakagoma kula na kusema, waliinuka tena. Ndiyo sababu tiba hiyo ikaenea upesi. Lakini degedege lile liliweza pia kuvunja mifupa.

Mwaka 1954 bwana John Bolam alitibiwa hivyo katika Hospitali ya Friern, London. Hakupewa dawa ya kulegeza misuli, wala hakuonywa juu ya hatari. Akavunjika nyonga. Mwaka 1957 kesi yake ilisikilizwa, naye akashindwa. Kwa nini? Kwa sababu madaktari wenyewe walikuwa wamegawanyika: wengine waliitumia dawa ile, wengine waliiogopa. Jaji alieleza kwamba daktari hana hatia ya uzembe akifuata utaratibu unaokubaliwa na kundi la madaktari wenye ujuzi wa kazi hiyo, hata kama wenzao wanaupinga. Kanuni hiyo ilisafiri pamoja na sheria ya Kiingereza, na hata mahakama za Kenya zimeitaja.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Je, ni kweli siku zote?

Mwaka 1981 ilitolewa ripoti ya uchunguzi uliofanywa katika hospitali za nchi nzima ya Uingereza. Ilionyesha kwamba kila hospitali ilikuwa na mambo yake. Baadhi zilitumia mashine zilizochakaa. Kazi mara nyingi iliachiwa madaktari wachanga ambao hawakufundishwa vya kutosha. Jarida la madaktari, The Lancet, liliandika tahariri kali na kuiita hali hiyo aibu. Tazama basi: walikuwa wengi, na neno likaharibika.

Marekebisho yalikuja polepole. Mwaka 2003 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Akili kilianzisha utaratibu wa kuzikagua kliniki hizo kwa vipimo vilivyo sawa. Kisha Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa mwaka 2007. Tangu hapo, katika England na Wales, mgonjwa mwenye uwezo wa kuamua akikataa tiba ya umeme, hapewi, isipokuwa kwa dharura iliyotajwa na sheria. Na mwaka 2015, katika kesi ya Montgomery iliyohusu mama aliyejifungua, Mahakama ya Juu iliamua kwamba daktari anapaswa kumweleza mgonjwa hatari zenye uzito kwake, hata kama desturi ya madaktari ni kunyamaza.

Tiba yenyewe haikufutwa, na si haki kuiita mateso. Leo mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, misuli hulegezwa, na degedege kwa kawaida halifiki hata dakika mbili. Huwasaidia wengi wenye huzuni nzito ambao dawa zimewashindwa. Lakini wapo wanaopoteza kumbukumbu za maisha yao, na hilo lazima mtu aambiwe kabla, si baada.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bwana Bolam alikilalia, akavunjika, na sheria ikawauliza madaktari kama walizoea kufanya hivyo. Ilichukua karibu miaka 60 mahakama iweke haki ya mgonjwa ya kuambiwa mbele ya desturi hiyo. Basi wewe unayempeleka ndugu yako hospitali, iwe ni kwa tiba hii au nyingine, usione haya kuuliza hatari zake ni zipi. Daktari mwema hatakasirika.

Tukutane juma lijalo.