Uwakili kwa wazee waliopungukiwa uwezo wa akili

Uwakili kwa wazee waliopungukiwa uwezo wa akili ni tawi la maadili ya sheria linalohusu wajibu wa wakili kwa mteja ambaye maradhi ya usahaulivu, kiharusi au uzee wenyewe umeanza kumdhoofishia fikra. Nchini Marekani mwongozo wake mkuu ni Kanuni ya 1.14 katika kanuni za mfano za Chama cha Mawakili cha nchi hiyo (ABA), iliyopitishwa mwaka 1983 na kurekebishwa 2002. Kila jimbo hujiwekea kanuni zake. Mengi yalifuata mfano huo, lakini California ilipoandika upya kanuni zake mwaka 2018 haikuiweka.

Kanuni inamtaka wakili adumishe uhusiano wa kawaida na mteja wake kadiri inavyowezekana. Hapo ndipo penye uzito wote. Mara nyingi mzee huja ofisini ameshikwa mkono na mwanawe, na huenda mwana huyo ndiye aliyepiga simu na ndiye atakayelipa ada. Hata hivyo mteja ni mzee. Jamaa anaweza kukaa kikaoni mzee akitaka, ila wakili makini hutafuta pia nafasi ya kuzungumza na mteja wake faragha, kwa sababu anayemshika mzee mkono anaweza kuwa ndiye anayeinyemelea nyumba yake.

Uwezo wa akili hupimwa kwa jambo lililopo mezani. Mzee asiyekumbuka leo ni siku gani anaweza kujua barabara mali yake amwachie nani. Uingereza iliamua hivyo tangu 1870, katika kesi ya Banks na Goodfellow: mtu aliyeamini kwamba anaandamwa na pepo aliachiwa wosia wake usimame, kwa kuwa imani hiyo haikugusa namna alivyogawa mali. Wakili basi huangalia kama mteja anaweza kueleza alivyofikia uamuzi, kama anaelewa matokeo yake, na kama unaafikiana na msimamo wake wa maisha. Pakiwa na shaka, anaweza kutafuta ushauri wa mtaalamu wa tiba.

Hatua ya kumkinga huruhusiwa pale tu mteja aliyepungukiwa uwezo anapokabiliwa na madhara makubwa ya mwili, ya mali au mengineyo, naye hawezi kujitetea ipasavyo. Kuiomba mahakama imteulie mlezi ni hatua nzito kuliko zote, maana humpokonya mtu mzima haki ya kujiamulia. Maoni rasmi ya ABA namba 96-404, ya mwaka 1996, yanamkubalia wakili kupeleka ombi hilo mwenyewe inapolazimu. Kumwakilisha mtu mwingine, hata mtoto wa mzee, katika ombi la kumwekea mteja wake mlezi, hakukubaliwi.

Siri nayo hubaki siri. Wakili hufichua kile tu kinachohitajika kwa kinga hiyo, kwani neno moja kuhusu hali ya mteja, likimfikia asiyestahili, laweza kuishia katika shauri la kumlaza hospitalini bila ridhaa yake.