Mafunzo ya Mwalimu wa Somo, Kutoka Makerere hadi Kianda

Mwalimu wa shule ya upili nchini Kenya husajiliwa kufundisha masomo mawili: hisabati na fizikia, Kiswahili na historia, au jiografia na dini, kwa mfano. Njia za kufikia usajili huo ni tatu. Ya kwanza ni shahada ya elimu, ambapo masomo hayo mawili husomwa sambamba na ualimu kwa miaka minne. Ya pili ni stashahada ya vyuo vya ualimu kama Kagumo. Ya tatu ni ya mtu aliyehitimu shahada ya sanaa au ya sayansi bila kupitia kitivo cha elimu. Huyo hana budi kurudi darasani kwa takriban mwaka mmoja kusomea Stashahada ya Uzamili katika Elimu, maarufu kama PGDE. Hufundishwa falsafa, saikolojia na sosholojia ya elimu, lakini kiini cha kozi ni mbinu za kufundishia masomo yake mawili, kisha mazoezi ya kufundisha shuleni.

Njia hii ya tatu, inayopitiwa na wachache leo, ndiyo iliyotangulia kuwaandaa walimu wenye shahada katika Afrika Mashariki. Ilipitwa na nyingine kwa sababu shule ziliongezeka kwa kasi kuliko walimu. Kila shule zilipopanuka, mafunzo ya mbinu yalisogezwa mahali pengine: kwanza kutoka baada ya shahada hadi ndani ya shahada, halafu hadi kazini kwenyewe. Sehemu ya mabadiliko hayo ilitokea kandokando ya Barabara ya Ngong jijini Nairobi, jirani na Kianda, kijiji kilicho upande wa magharibi wa Kibera.

Katika enzi ya ukoloni, shule za upili zilikuwa chache na zilitenganishwa kwa rangi. Duke of York, iliyoitwa Lenana baada ya uhuru, ilifunguliwa kwenye Barabara ya Ngong mwaka 1949 kwa ajili ya wavulana wa Kizungu. Watoto wa Kibera, makazi yaliyoanzishwa na askari Wanubi wa jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles) mwanzoni mwa karne ya 20, hawakuwa na nafasi humo. Walimu wa shule za aina hiyo walitoka Uingereza. Baadhi yao walikuwa wamepitia chuo cha walimu cha London kilichoanzishwa mwaka 1902, ambacho mwaka 1927 kilifungua idara maalumu ya elimu ya makoloni. Wengine walikuja na shahada tu. Hata Uingereza kwenyewe, hadi miaka ya 1970, mwenye shahada aliweza kuajiriwa katika shule ya sekondari bila kusomea ualimu, kwani aliyelijua somo lake alidhaniwa kuwa angelifundisha vilevile.

Kwa upande wa Waafrika, shule ya Alliance ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926. Carey Francis, aliyeiongoza kuanzia 1940 hadi 1962 baada ya kuongoza Maseno, alikuwa amefundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Walimu wa Kiafrika waliomtangulia hapo ni pamoja na Eliud Mathu na James Gichuru. Gichuru alisomea Makerere, Uganda, chuo ambacho kwa miongo kadhaa kilikuwa tegemeo la Kenya, Uganda na Tanganyika kwa walimu wa kiwango cha juu.

Makerere ndiko pia njia ya shahada kisha stashahada ilikopata umbo lake kamili. Uhuru ulipokaribia, serikali za Afrika Mashariki ziliona kwamba shule za upili zingepanuka kabla ya vyuo vyao kutoa wahitimu wa kutosha. Mwaka 1961 ukaanza mpango wa Walimu kwa Afrika Mashariki, ulioratibiwa na chuo cha ualimu cha Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kwa fedha za serikali ya Marekani na kwa ushirikiano na Uingereza. Mamia ya vijana wenye shahada waliletwa. Waliokuwa tayari walimu walipewa maelekezo mafupi na kupelekwa shuleni. Wasiokuwa na mafunzo walikaa Makerere kusomea stashahada ya uzamili, wakafanya mazoezi katika shule za huko, ndipo wakasambazwa katika eneo zima. Mpango huo uliziba pengo, lakini kwa watu wa muda: mkataba ulipokwisha, mwalimu alirudi kwao na ujuzi wake.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963 ilikuwa na shule za upili 151 zenye wanafunzi takriban 30,000. Tume ya Elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde mwaka 1964 ilisisitiza kuandaa wataalamu wa nchi yenyewe, na walimu walikuwa mstari wa mbele katika hesabu hiyo. Wananchi nao hawakungoja. Walichanga, wakajenga shule za Harambee kila pembe ya nchi, na nyingi zilifunguliwa kabla ya kupata mwalimu aliyesomea kazi. Mwaka 1967 Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ilianza kazi ya kusajili na kuajiri walimu, na kigezo cha mwalimu aliyehitimu kikapata mlinzi wa kisheria.

Stashahada ya mwaka mmoja baada ya shahada haikuweza kukidhi haja hiyo, kwani wenye shahada wenyewe walikuwa haba na serikali na makampuni yaliwagombania. Suluhisho lilikuwa kuwachukua wanafunzi waliomaliza shule na kuwafunza somo na ualimu kwa pamoja. Mwaka 1965 kambi ya jeshi la Uingereza ya Templer, huko Kahawa, iligeuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta na kuanza kuandaa walimu wa shule za upili. Katika kipindi hichohicho, serikali za Kenya na Uswidi zilianzisha Chuo cha Walimu wa Sayansi cha Kenya kwenye Barabara ya Ngong, kaskazini mwa Kibera. Kozi yake ilikuwa ya miaka mitatu, na wahitimu walipata cheo cha S1. Uswidi iligharimia ujenzi na kuleta wakufunzi, hadi Wakenya walipochukua nafasi zao hatua kwa hatua.

Katika chuo hicho mbinu hazikutengwa na maabara. Mwanafunzi wa kemia alijifunza kuandaa jaribio mwenyewe, kukadiria muda wake, kutambua hatari zake na kuliongoza mbele ya darasa. Wakati huo shule nyingi mpya zilikuwa na chumba kimoja cha sayansi au hazikuwa nacho kabisa, kwa hiyo ujuzi huo ulikuwa na thamani kubwa. Kwa miongo minne chuo kilijulikana kwa jina fupi la Kenya Science, na wahitimu wake walienea nchi nzima. Mwaka 2007 kilifanywa kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na njia ya stashahada ya sayansi ikapungukiwa na chuo chake kikuu.

Miaka ya 1960 na 1970 ilionyesha pia hatari ya kubadilisha somo bila kumwandaa mwalimu. Kuanzia mwaka 1962 wataalamu walikutana Entebbe kutunga vitabu vya hisabati mpya, iliyoanza na seti na miundo badala ya hesabu za kawaida. Kenya ikaipokea katika shule zake. Walimu wengi hawakuwa wamewahi kuisoma wenyewe. Wazazi hawakuielewa, na waajiri wakalalamika kwamba vijana hawajui kukokotoa. Serikali iliiondoa mwaka 1981.

Hatua kubwa iliyofuata katika mafunzo ya walimu ilikuwa kuingiza ualimu ndani ya shahada. Chuo cha Kenyatta kilifanywa chuo kikuu kishiriki cha Nairobi mwaka 1970, na mwaka 1972 kikapokea wanafunzi 200 wa kwanza wa shahada ya elimu. Mwaka 1978 kitivo cha elimu cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilihamishiwa Kenyatta, ambacho mwaka 1985 kikawa chuo kikuu kamili. Tangu hapo shahada ya elimu imekuwa njia kuu, na stashahada ya uzamili imebaki kwa wanaoingia ualimu wakiwa wameshahitimu fani nyingine.

Mafunzo ya mbinu yenyewe yalichukua sura ambayo imedumu. Kila somo lina kozi yake ya mbinu. Mwanafunzi huchambua silabasi, huandika azimio la kazi la muhula, kisha andalio la somo la kila kipindi: shabaha, hatua, vifaa, maswali na tathmini. Hufuata ufundishaji mdogo, utaratibu uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1963. Mwanafunzi hufundisha kipengele kimoja kwa dakika chache mbele ya wenzake, hukosolewa, kisha hurudia. Mwisho huwa mazoezi ya kufundisha, yanayoitwa TP na kila mwanafunzi, ambapo mhadhiri huketi nyuma ya darasa na fomu ya alama mkononi. Aghalabu wahitimu hukiri kwamba walijifunza ualimu hasa katika muhula huo.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliongeza mzigo. Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa, na walimu wake wakahitajika kwa ghafla katika kila shule. Mtihani wa KCSE, uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1989, una karatasi tatu za Kiswahili: insha, lugha na fasihi. Kila moja hudai mbinu tofauti. Mwalimu wa insha husahihisha daftari moja moja, wa sarufi hujenga mifano na mazoezi, na wa ushairi huanza kwa kusoma shairi kwa sauti. Mwaka 1990 vyuo vikuu vilipokea makundi mawili kwa pamoja, la mfumo wa zamani na la mfumo mpya, na vitivo vya elimu vikafurika. Kwa walimu waliokuwa tayari kazini, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa kimeanzisha shahada ya elimu kwa masafa mwaka 1986, na baadaye Kenyatta ikafungua masomo ya wakati wa likizo.

Mwaka 1998 mambo mawili yalibadilisha hali. Serikali ilisitisha uajiri wa moja kwa moja wa kila mhitimu wa ualimu, na kuanzia hapo waliohitimu walingoja miaka kupata nafasi TSC. Mwaka huohuo ulianza mradi wa SMASSE, wa Kenya na shirika la Japani la JICA, wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi. Ulianzia wilaya tisa na kuenea nchi nzima mwaka 2003. Badala ya kuwaandaa walimu wapya, uliwaita walio kazini wakati wa likizo, na sehemu ya gharama ikatokana na karo. Ulihimiza shughuli za wanafunzi, majaribio na utengenezaji wa vifaa kwa malighafi ya karibu, badala ya mwalimu kusema peke yake hadi kengele. Makao yake, CEMASTEA, yako Karen, mbele zaidi kutoka Kenya Science, na yamepokea walimu kutoka nchi nyingi za Afrika.

Katika Kibera, matokeo ya historia hii yanaonekana kwa namna ya pekee. Kwa kuwa serikali iliyahesabu makazi haya kuwa yasiyo rasmi, shule za umma zilijengwa pembezoni: Olympic na Ayany karibu na Kianda, na Toi upande wa pili. Ndani ya vijiji, shule zilianzishwa na makanisa, vikundi vya jamii na watu binafsi. Mwaka 2003 kikosi cha mtafiti James Tooley kilihesabu shule 76 za binafsi za msingi na za upili katika Kibera. Katika shule kama hizo, chumba cha walimu hukutanisha aliyemaliza kidato cha nne juzi, mwenye cheti cha P1 cha shule ya msingi, na mwenye shahada ya elimu anayengoja TSC huku akilipwa kidogo. Ukosefu wa ajira uliotokana na uamuzi wa 1998 umezipa shule hizi walimu waliohitimu ambao vinginevyo zisingewapata, lakini huondoka mara tu wanapoajiriwa.

Mazingira yenyewe hudai mbinu ambazo vyuo havikuzitilia mkazo. Darasa la mabati hupitisha sauti ya darasa jirani. Mwalimu wa Kiswahili huwafundisha vijana wanaozungumza Sheng kutwa nzima, na hulazimika kuwavusha hadi lugha ya mtihani bila kuidharau ya mtaani.

Mtaala wa umilisi, ulioleta sekondari ya chini mwaka 2023 na gredi ya 10 mwaka 2026, umeusogeza tena mpaka wa mwalimu wa somo. Sayansi Jumuishi huunganisha fizikia, kemia na biolojia, ilhali mwalimu wake aliandaliwa kwa mawili kati ya hayo, au kwa moja pamoja na hisabati. Mafunzo ya kazini yameitwa tena kuziba nafasi hiyo, na stashahada ya uzamili inaendelea kutolewa kwa anayetoka na shahada ya sayansi au ya sanaa akitaka kufundisha.