Wogan, Gerald (1930–2021)

Gerald Wogan alikuwa mwanasayansi wa Marekani, mtaalamu wa sumu na biokemia. Alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuchunguza sumukuvu, yaani aflatoksini, sumu inayotengenezwa na kuvu wa Aspergillus flavus na Aspergillus parasiticus kwenye mahindi, nafaka nyingine na karanga. Alizaliwa Altoona, Pennsylvania, akasoma Juniata College, kisha akapata shahada ya uzamivu University of Illinois mwaka 1957. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alijiunga na MIT, jijini Cambridge, Massachusetts, na huko ndiko alikojenga jina lake.

Alifika wakati tatizo lilikuwa bado bichi. Mwaka 1960 zaidi ya bata mzinga 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa usiojulikana. Uchunguzi ukaangukia kwenye chakula chao, mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil. Karanga za Afrika Mashariki nazo ziliingia katika uchunguzi huo mapema, kwani ni kwenye shehena ya karanga zenye sumu kutoka Uganda ambako watafiti wa Uingereza walimtambua kuvu aliyehusika. Sumu yenyewe ilijionyesha maabara kwa namna ya ajabu. Ukiitandaza kwenye bamba la kromatografia na kuimulika kwa mionzi ya urujuanimno, aina moja hung'aa buluu na nyingine kijani. Hapo ndipo zilipotoka herufi B na G katika majina ya aflatoksini, kufuatana na majina ya rangi hizo kwa Kiingereza.

Mwaka 1963 kundi la MIT, Wogan akishirikiana na mwanakemia George Büchi, lilitangaza muundo wa kikemia wa aflatoksini B na G. Tangu hapo sumu hiyo ikawa molekuli inayojulikana, inayoweza kupimwa na kufuatiliwa. Kisha zikaja miaka ya kulisha panya. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 1974, panya wote waliokula chakula chenye sehemu 100 za aflatoksini B1 kwa bilioni walipata saratani ya ini. Hata kwa sehemu 1 kwa bilioni, wachache walipata uvimbe. Ni vigumu kutaja kitu kingine cha asili kinachoumiza ini la panya kwa kiasi kidogo hivyo.

Lakini panya si mtu. Wogan alilielewa hilo vizuri, na ndiyo maana hakubaki maabara. Pamoja na Michael Hutt, profesa wa patholojia wa Makerere, na wenzao wengine, alishiriki katika utafiti wa sampuli 480 za vyakula vilivyohifadhiwa na wananchi wa Uganda mwaka 1966 na 1967. Karibu asilimia 30 zilikutwa na sumukuvu, na asilimia 3.7 zilikuwa na zaidi ya mikrogramu 1 kwa kila gramu, kiwango cha kutisha. Karamoja, ambako saratani ya ini ilikuwa nyingi, ilijitokeza pia kwa wingi wa vyakula vyenye sumu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1971. Wakati huohuo kundi lake lilikuwa Thailand, likipima chakula kilichokwisha kupikwa na familia za vijijini ili kujua mtu anameza kiasi gani hasa.

Tafiti za namna hiyo zilikuwa na upungufu mmoja mkubwa. Zilionyesha kwamba mahali penye sumu nyingi pana saratani nyingi, basi. Hazikuweza kusema kwamba huyu aliyeugua ndiye aliyekula sumu, wala sumu ilimfanya nini. Jibu lilihitaji kuingia ndani ya seli, na kwa maoni ya mwandishi hapa ndipo ilipo kazi kubwa kuliko zote katika maisha ya Wogan.

Aflatoksini B1 yenyewe haina ukali huo inapoingia mwilini. Ini ndilo linaloigeuza. Vimeng'enya vya ini, ambavyo kazi yake ni kuvunja vitu vigeni ili vitolewe nje, huipachika oksijeni na kuifanya epoksidi, molekuli isiyotulia hata kidogo. Epoksidi hiyo hujipenyeza kati ya ngazi za DNA na kujibana kwenye guanini, moja ya besi nne zinazoandika maagizo ya urithi, mahali pamoja mahususi: nitrojeni namba 7. Mwaka 1977 John Essigmann, Robert Croy, Wogan, Büchi na wenzao walieleza muundo kamili wa kiungo hicho cha sumu na guanini. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba kiungo hichohicho hutokea ndani ya ini la panya aliye hai.

Kiungo hicho hakidumu. Sehemu yake hubanduka kwenye DNA na kuacha pengo, na sehemu nyingine hufunguka pete ya guanini na kung'ang'ania palepale. Umbo hili la pili ndilo sugu zaidi, na kazi za baadaye za Essigmann zilionyesha kwamba ndilo linaloharibu zaidi. Seli ikijinakili kabla ya kurekebisha kasoro, husoma vibaya: palipokuwa na guanini panaingia timini. Mwaka 1991 makundi mawili tofauti yalikuta badiliko la namna hiyo, mahali palepale kwenye jeni la p53, kodoni ya 249, katika saratani za ini za wagonjwa wa Qidong, China, na wa kusini mwa Afrika. Jeni la p53 ndilo linalozuia seli iliyoharibika isiendelee kugawanyika.

Guanini iliyobanduka haipotei hewani, bali hutoka na mkojo. Kundi la Wogan lilithibitisha hilo kwa panya mwaka 1981, na umuhimu wake ni mkubwa. Sasa uharibifu wa DNA ya mtu ungeweza kupimwa bila kumgusa ini. Miaka miwili baadaye Herman Autrup na watafiti wa Kenya waliripoti kukuta dalili za kiungo hicho katika mikojo ya wakazi wa Murang'a, wilaya iliyokwisha kuchunguzwa kwa sumukuvu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kipimo hicho kilileta ushahidi uliokuwa ukisubiriwa. Mjini Shanghai wanaume 18,244 walitoa mkojo wakiwa wazima, kisha wakafuatiliwa. Wogan na mwanafunzi wake wa zamani John Groopman walikuwa miongoni mwa waandishi wa matokeo yaliyotoka mwaka 1992 na 1994. Waliokuwa na alama za sumukuvu pekee walikuwa na hatari ya saratani ya ini takriban mara 3 ya wasiokuwa nazo, na wenye virusi vya homa ya ini aina ya B pekee takriban mara 7. Waliokuwa na vyote viwili walifikia karibu mara 60. Chanjo ya homa ya ini na ukaushaji mzuri wa mahindi vinalinda ini lilelile.

Baadaye Wogan aligeukia oksidi ya nitriki, gesi ambayo mwili wenyewe huitengeneza wakati wa uvimbe unaoletwa na maambukizi au jeraha, akichunguza pamoja na Steven Tannenbaum jinsi inavyoumiza DNA. Groopman na wenzake wakaendelea na sumukuvu huko Qidong. Katika jaribio lao lililochapishwa mwaka 2001, vidonge vya klorofilini vilipunguza kiungo cha guanini kwenye mkojo kwa asilimia 55.

Afrika Mashariki sumukuvu imeua pia kwa haraka, bila kungoja saratani. Mwaka 2004 watu 125 walikufa katika wagonjwa 317 huko Makueni, Kitui na maeneo jirani ya Kenya. Mwaka 2016 mlipuko mwingine uliwapata wakazi wa Dodoma na Manyara, Tanzania. Viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vinaruhusu mahindi yasizidi mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, na mikrogramu 5 za B1 peke yake.