Kuzuru Bagamoyo, Mji Ulio Mwisho wa Njia Yetu

Watu wa Goma ni wasafiri. Wengine hufika Dar es Salaam kwa biashara, wengine hupeleka mgonjwa, wengine huwatembelea ndugu zao. Shughuli zikiisha hurudi upesi, wala hawana habari kwamba kaskazini ya Dar es Salaam, mwendo wa kilomita kama 70 tu, upo mji mdogo kando ya bahari unaotuhusu sisi wa Kivu na Manyema kuliko miji mingi mikubwa. Mji huo ni Bagamoyo. Nia yangu ni kueleza mambo ya kufanya huko kwa mtu mwenye siku mbili, na kwa nini ayafanye.

Tuanze na hiyo "kwa nini". Katika karne ya 19 ilikuwako njia ya miguu iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji: kilomita zipatazo 1,200. Kutoka Ujiji watu walivuka ziwa Tanganyika na kuendelea hata Kasongo na Nyangwe, katika nchi ya Manyema, ambayo leo ni Kongo. Kwa njia hiyo pembe za ndovu zilishuka pwani, na wanadamu waliofungwa walishuka pia. Kwa njia hiyohiyo vilipanda nguo, shanga, bunduki na baruti. Kikapanda na Kiswahili. Lugha hii unayoisoma sasa ilitufikia kwa miguu ya wapagazi. Basi mtu wa Kongo ya Mashariki akienda Bagamoyo haendi ugenini kabisa. Anakwenda kuona mwisho wa pili wa njia iliyopita mlangoni kwa babu zake. Kwa hiyo, kila mahali atakapofika, aulize maswali mawili: nani alipita hapa, naye alibeba nini?

Jambo la kwanza: nenda Kaole

Usianze na misioni. Anza Kaole, mwendo wa kilomita tano hivi kusini ya mji. Huko utaona magofu ya misikiti miwili na makaburi mengi yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe. Baadhi ya makaburi yana nguzo ndefu. Msikiti ulio mkongwe zaidi hudhaniwa kuwa wa karne ya 13. Katika nyumba ya makumbusho utaonyeshwa vyombo vya kaure vilivyotoka China.

Faida yake ni nini? Utajua kwamba kabla ya Mzungu yeyote kufika, walikuwako hapa Waswahili wenye miji, wenye dini ya Kiislamu, wenye biashara na nchi za mbali ng'ambo ya bahari. Tembea kwa adabu. Makaburi ni makaburi, hata kama si ya watu wa dini yako. Usiyakanyage wala usikae juu yake ili upigwe picha.

Jambo la pili: tembea mji wa kale, ukaulize maana ya jina

Rudi mjini upite kwa miguu katika njia nyembamba, penye milango ya mbao iliyochongwa. Mtafute kiongozi anayetambuliwa na ofisi ya mambo ya kale, mkapatane bei kwanza. Atakupeleka Ngome Kongwe, na Boma la Wadachi lililojengwa mwaka 1897, na mahali paitwapo Caravan Serai, ambapo misafara ilikusanyika.

Hapo ndipo utakaposikia habari ya jina. Watu wengi husema: "Bagamoyo ni bwaga moyo. Mtumwa alipoiona bahari alikata tamaa, akauacha moyo wake hapa, kwa kuwa mwili wake unapelekwa Unguja." Ni maneno ya kutia machozi. Lakini iko maana nyingine, nayo yasemwa na wataalamu wengi: mpagazi aliyetembea miezi mingi alifika hapa, akatua mzigo, akapumzisha moyo.

Tusiukimbilie upande mmoja kwa sababu tu unatuchoma zaidi. Wapagazi wengi wa njia ile walikuwa watu huru, hasa Wanyamwezi, waliobeba mzigo wa kilo 30 hivi kwa ujira. Biashara kubwa ya Bagamoyo ilikuwa pembe. Bandari kubwa ya watumwa katika pwani ile ilikuwa Kilwa, upande wa kusini. Hata hivyo, watumwa walipita Bagamoyo, na pembe zenyewe hazikuwa safi. Katika nchi ya Manyema vijiji vilichomwa ili pembe zipatikane, na watu wakatekwa. Basi jina moja limebeba furaha ya mmoja na msiba wa mwingine. Katika mlolongo uleule mpagazi alihesabu ujira wake, na mateka nyuma yake alihesabu siku zake. Sisi wa Goma, tulioona mara nyingi watu wakikimbia vita na godoro kichwani na mtoto mgongoni, hatuhitaji kufundishwa uzito wa mzigo barabarani.

Jambo la tatu: ingia misioni, ukasome habari zote

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863, na mwaka 1868 Padri Antoine Horner akafungua misioni Bagamoyo. Utaingia kwa njia yenye miembe mikubwa pande mbili. Utauona mbuyu maarufu wenye kipande cha mnyororo ndani yake. Husimuliwa kwamba punda alifungwa hapo zamani, mti ukanenepa na kuumeza mnyororo. Watoto watapenda hapo. Wewe ingia katika makumbusho, yaliyo katika nyumba ya zamani ya masista, uwe na subira ya kusoma.

Utasoma habari za Kijiji cha Uhuru. Mapadri walikwenda kwenye soko la Unguja, wakanunua watumwa, wengi wao wakiwa watoto, wakawaleta hapa kuwaweka huru. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliivunja misioni, wakajenga upya. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash alilifunga soko la Unguja kwa kushurutishwa na Waingereza. Baada ya hapo walipokelewa wengine waliookolewa baharini katika majahazi.

Kazi hiyo ilikuwa ya huruma, wala hatupunguzi sifa yake. Lakini msomaji mkweli ataona na mambo mawili mengine. La kwanza: fedha ya ukombozi iliingia katika mfuko wa mfanyabiashara, naye aliweza kununua wengine. Mapadri walikuwa katika shida ambayo haikuwa na njia safi: kumwacha mtoto sokoni, au kumlipa mwizi. La pili: waliokombolewa waliishi kwa kengele na kwa amri kali, kusali, kulima na kusoma, na wako waliotoroka. Mtu akishakombolewa hutaka kuchagua mwenyewe. Pamoja na hayo, ndio waliokuwa Wakristu wa kwanza wa pande zile, na familia zao ndizo zilizokwenda pamoja na mapadri kufungua misioni za bara, kama Mhonda mwaka 1877 na Mandera mwaka 1881. Misioni hizo hazikuanzishwa na mapadri peke yao.

Jambo la nne: simama chini ya mnara

Karibu hapo upo mnara wa kanisa la kwanza. Mwezi wa Februari 1874 uliwekwa humo kwa usiku mmoja mwili wa Livingstone, mwenyeji wa Scotland. Yeye mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, akaona kwa macho yake watu wakiuawa sokoni kwa bunduki. Habari hiyo ilipofika Ulaya iliwasukuma wengi kupinga biashara ya watumwa. Alikufa mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliukausha mwili wake, wakaubeba kwa muda wa miezi tisa hivi mpaka hapa.

Mnara una jina la maiti. Wewe wakumbuke wabebaji. Wengi wao walipewa ujira wao wakaambiwa waende zao. Alipozikwa London mwezi wa Aprili 1874, katika wabebaji wale alikuwako mmoja tu, Jacob Wainwright.

Jambo la tano: fika ufukoni, utazame upande wa bara

Wageni hutazama bahari. Wewe, ukiisha kuitazama, geuka. Mwezi wa Juni 1878 wamisionari kumi wa kwanza wa Mapadri Weupe waliondoka Bagamoyo kwenda kwenye maziwa makuu. Waliajiri wapagazi kwa desturi ileile ya wafanyabiashara, wakafuata njia ileile. Padri Pascal alikufa njiani mwaka uleule. Kundi moja lilikwenda Uganda. La pili lilifika Ujiji mwezi wa Januari 1879, na mwaka 1880 wakavuka ziwa na kufungua Mulweba, katika nchi ya Kongo, kisha Kibanga mwaka 1883. Taratibu kazi ilipanda kaskazini: mwaka 1906 wakafika Nyangezi, karibu na Bukavu. Parokia zetu za upande huu ni matunda ya safari ile.

Hivyo Injili haikuletwa kwa njia yake peke yake iliyofagiliwa. Ilipita katika nyayo za mateka na wapagazi. Jambo hili lisitutie aibu wala kiburi; litufundishe kuwaheshimu waliobeba, ambao majina yao hayakuandikwa.

Siku ikielekea jioni, pita kwenye soko la samaki, ununue samaki wa kukaanga. Kama ni wakati wa maonyesho, nenda Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, ambayo ilianza kuwa chuo mwaka 1981, usikie ngoma. Mji huu haukufa. Wadachi waliuhamishia utawala wao Dar es Salaam mwaka 1891. Kisha reli, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, na mzigo ukahama kutoka kichwani kwenda garini. Misafara ikaisha, lakini watu wakabaki, wakivua, wakilima, wakifundisha watoto.

Maneno ya mwisho

Goma kwetu mawe ya moto ya Nyiragongo yalifunika mji tarehe 17 Januari 2002, hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaharibika. Tunajua jinsi kuta za zamani zinavyoweza kupotea kwa siku moja. Kwa sababu hiyo tusizidharau kuta zilizosalia mahali pengine, hasa zile zinazoshuhudia habari zetu.

Anayeweza kusafiri, aende njia zikiwa salama. Asiyeweza ana kazi hapa hapa. Wako wazee waliosikia kwa babu zao habari za misafara, za kukimbilia msituni, za katekista wa kwanza aliyefika kijijini kwa miguu. Nenda na daftari, ukae nao, uwaulize maswali yaleyale mawili: nani alipita hapa, naye alibeba nini? Andika majina. Bagamoyo wana makumbusho ya mwisho ule wa njia. Mwisho huu bado uko vinywani mwa wazee, nao hawatakaa nasi siku zote.