Jimmie, Mbwa Aliyejadiliwa Bungeni

Tarehe 8 Julai 1909, Bunge la Uingereza lilijadili habari za mbwa. Jina lake Jimmie, bulldog wa Augustus Waller, mwanasayansi wa London. Miezi miwili hivi kabla ya hapo, gazeti la Illustrated London News lilikuwa limechapisha picha ya maonyesho yake mbele ya wageni wa Royal Society: mguu wa mbele na wa nyuma ndani ya mitungi ya kioo, nyaya zikielekea kwenye mashine. Mbunge mmoja akauliza kama huo si ukatili, maana mitungi ilikuwa na dawa za chumvi na shingoni eti mbwa alifungwa mkanda wenye misumari. Waziri wa Mambo ya Ndani, Herbert Gladstone, akajibu kwamba dawa yenyewe ni chumvi ya kawaida tu, na misumari ni urembo wa shaba kwenye mkanda wa kila siku. Akasema aliyewahi kutembeza miguu baharini anajua Jimmie alihisi nini.

Nilicheka, halafu nikautazama ule mwaka vizuri. London ilikuwa bado na kidonda. Mwaka 1903, mbwa wa rangi ya kahawia alipasuliwa mbele ya wanafunzi pale University College, na wanawake wawili kutoka Uswidi waliokuwa darasani wakasema hakuwa amepewa dawa ya usingizi ya kutosha. Mwalimu, William Bayliss, alienda kortini kusafisha jina lake, akashinda. Wapinzani wakamjengea mbwa yule sanamu mtaani Battersea mwaka 1906. Mwaka uliofuata wanafunzi wa udaktari waliandamana na kupigana na polisi kwa sababu ya sanamu hiyo. Ikawa inalindwa na polisi, mpaka Machi 1910 ilipong'olewa usiku. Kwa hivyo yule mbunge hakuwa mjinga. Alikuwa na sababu ya kuuliza.

Ila alichokosa kuona ni kwamba mitungi ile ilikuwa kinyume cha kisu. Watu walijua kitambo kwamba moyo hutoa umeme unapopiga, lakini ili kuupima ilibidi kifua cha mnyama kifunguliwe. Mwaka 1887 Waller alichapisha mchoro wa umeme wa moyo wa binadamu uliochukuliwa juu ya ngozi, bila kukata popote. Kifaa chake kilikuwa zebaki ndani ya kioo chembamba kama unywele, na bamba la picha alilivuta kwa kigari cha treni ya watoto. (Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, na kusema kweli maabara yenye treni ya watoto ingenifanya nibaki.) Waller mwenyewe hakutarajia hospitali zitumie sana kitu hicho. Willem Einthoven wa Leiden, aliyemwona akikionyesha, akaunda mashine kali zaidi na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Waller alikuwa amekufa miaka miwili kabla.

Lakini umeme hauonyeshi umbo. Hatua nyingine ilikuja Oktoba 1953, mjini Lund, Uswidi. Daktari Inge Edler alitaka kujua hali ya vali ya mitrali kabla mgonjwa hajapasuliwa. Mwanafizikia Hellmuth Hertz akamletea mashine ya mawimbi ya sauti, ile mafundi wa meli waliyotumia kutafuta nyufa ndani ya chuma. Sauti inaingia, inagonga, inarudi. Tena bila kisu.

Na mbwa je? Huko Philadelphia, David Detweiler alipima maelfu ya mbwa kwa ajili ya maradhi yao wenyewe ya moyo. Ultrasaundi yenyewe ilizoeleka kwa madaktari wa wanyama kuanzia miaka ya 1980, karibu karne nzima baada ya mchoro wa Waller. Na ugonjwa mkubwa wa moyo kwa mbwa wadogo waliozeeka ni vali ileile ya Edler, ikinenepa na kuvuja.

Rafiki yangu anaishi Rongai na mbwa mzee mwenye kikohozi. Alipotaja kumpeleka apimwe moyo, jirani akamwambia, "Mbwa kazi yake ni geti, moyo ni wa nini?" Jirani huyo mwenyewe ana karatasi ya ECG kwenye droo.

Paka ndiye mgumu zaidi. Msuli wa moyo wake unaweza kunenepa kimyakimya, anakula vizuri, anaruka ukuta, na stethoskopu isigundue chochote. Ultrasaundi ndiyo huonyesha unene huo. Hulazwa kwa ubavu juu ya meza yenye tundu, kifaa chenye jeli kikipimia kutoka chini, na mwenyewe akishikilia kichwa taratibu. Kabla ya hapo daktari hujaribu kumsikiliza, na wengine huanza kunguruma kwa raha hadi mapigo yote yanamezwa. Dawa yake ni rahisi: daktari hufungua mfereji wa maji karibu naye, na paka hunyamaza.