Nyaya Zilitangulia Maandishi

Wengi huamini kuwa kuunda programu kwa kuchora nyaya kati ya visanduku ni njia ya wanaoanza, iliyobuniwa ili kuwapunguzia hofu ya msimbo. Historia inasema vingine.

Kompyuta ya ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia, Marekani, Februari 1946, mwanzoni haikuandikiwa amri. Wanawake sita, miongoni mwao Kay McNulty na Betty Jennings, waliiandaa kwa kupanga swichi na kuchomeka nyaya toka kitengo hadi kitengo. Nyaya nyingine zilipitisha tarakimu, nyingine mapigo ya umeme ya kukiambia kitengo kianze lini. Kipi kinapita, na lini: maswali hayo mawili hayajamwacha fundi wa programu hadi leo. Mwaka 1948 mashine hiyo ilibadilishwa ifuate amri zilizohifadhiwa, na kazi ya kuchomeka ikapungua.

Nyaya zilirudi zikiwa picha. Mwaka 1966 William Sutherland wa MIT aliwasilisha tasnifu ya udaktari kuhusu michoro inayochorwa kwenye skrini ya kompyuta ya TX-2 na kutenda kazi yenyewe. Mwaka 1986 ikatoka programu ya LabVIEW ya kampuni ya National Instruments, Texas. Humo kisanduku hakianzi kazi mpaka kila kinachohitajika kimefika, na rangi ya waya hutaja kilichomo: chungwa ni namba za desimali, buluu ni namba kamili, waridi ni maneno.

Waliolichimba jambo hili la kipi kinapita na lini kwa undani zaidi, kwa maoni yangu, ni watu wa muziki. Katika kituo cha IRCAM, Paris, Miller Puckette alitengeneza programu ya Max, akaipa jina la Max Mathews, mwasisi wa muziki wa kompyuta. Mtunzi Philippe Manoury aliitumia katika utunzi wake *Pluton*, 1988. Katika miaka ya 1990 Puckette akaanzisha Pure Data, ambayo ni ya bure.

Chukua kisanduku cha kujumlisha katika programu hizo. Kina matundu mawili juu na moja chini. Namba ikiingia tundu la kulia, inatunzwa tu, hakuna kinachotoka. Ikiingia la kushoto, jumla hutoka papo hapo. Sasa toa nyaya mbili kwenye tundu moja la chini: ipi itatangulia? Katika Max, kisanduku kilicho kulia zaidi ndicho hupokea kwanza, kwa hiyo kukisogeza kwa kipanya tu kunaweza kubadilisha jibu. Katika Pure Data hutegemea waya upi ulichorwa mwanzo, na hilo halionekani kwa macho. Dawa yake ni kisanduku kiitwacho “trigger”, kinachogawa ujumbe kwa zamu, kuanzia kulia.

Walimu wanaofundisha zana hizi, waonyesheni wanafunzi kisanduku hicho siku ya kwanza, kabla hawajazoea kuchora nyaya mbili kutoka tundu moja.